MHIFADHI, MZIGO NA MPAGAZI: UHAKIKI WA KAZI YA FELIX VON LUSCHAN

Swali Lenyewe

Panapozungumzwa habari za wasomi wa kigeni walioandika juu ya Afrika wakati wa ukoloni, mjadala wetu mara nyingi huishia katika swali moja tu: je, mtu huyu alitupenda au alitudharau? Akionekana kuwa alitusema vizuri, tunampokea kama rafiki. Akionekana kuwa alitutukana, tunamtupa pamoja na vitabu vyake. Uchambuzi wa namna hii ni mwepesi mno kwa kada wa Chama na kwa mwanafunzi wa itikadi. Unapima moyo wa mtu mmoja na kuacha kupima mfumo uliomlisha, uliompa kazi, na uliomletea mali ya watu wengine ili aisome.

Makala hii inachambua kazi ya Felix von Luschan, aliyekuwa mhifadhi na baadaye mkuu wa Idara ya Afrika na Oceania katika Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, idara yake iliunganisha chini ya paa moja sanaa ya Afrika na sanaa ya visiwa vya bahari ya Pasifiki, na kwa hiyo inatufundisha jinsi ubeberu unavyopanga dunia. Pili, yeye ni mfano mgumu. Hakuwa mtu wa kutukana Waafrika hovyo. Alikataa hadharani dhana kwamba kuna mataifa ya watu duni kwa asili. Kama uchambuzi wetu unaweza kumweleza mtu kama huyu, basi unaweza kuwaeleza wengine wengi, wakiwamo wataalamu wa leo wanaokuja kwetu na maneno matamu.

Msimamo wa makala ni huu: elimu hupimwa kwa uhusiano wa watu ulioizaa. Maoni mema ya msomi hayafuti njia ambayo mali yake ya kusomea ilimfikia.

Kwa Nini Goweko

Msomaji anaweza kuuliza: mambo ya Berlin na ya visiwa vya Pasifiki yanamhusu nini mkulima wa Goweko? Jibu liko katika ramani. Goweko imo katika ukanda wa njia ya zamani ya misafara. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipita Mpwapwa, ukavuka Ugogo, ukaingia katika pori la Mgunda Mkali, kisha ukatokea Tura, mlango wa Unyamwezi. Kutoka Tura ulikwenda Rubuga na Kigwa hadi Kazeh, yaani Tabora. Burton na Speke walifika Kazeh kwa njia hiyo mwezi wa Novemba 1857. Stanley alifika Unyanyembe mwaka 1871.

Vitabu vya wasafiri hao vimejaa majina yao wenyewe. Lakini aliyeifanya safari iwezekane ni mpagazi, na wapagazi wengi na hodari wa njia hii walikuwa Wanyamwezi. Kila mmoja alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa muda wa miezi. Pembe za ndovu zilikwenda pwani mabegani mwa watu, na nguo, shanga na baruti zilikuja bara kwa njia hiyo hiyo.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Von Luschan alikuwa amekwisha kuondoka katika uongozi wa idara yake muda mfupi kabla ya hapo. Maana yake ni nyepesi kuiona lakini nzito kuifikiri: vitu vilivyotoka Unyamwezi kwenda Berlin katika miaka yake yote ya kazi vilianza safari begani mwa mtu. Hakuna ngoma, kigoda, mkuki wala fuvu lililoruka angani kutoka hapa hadi Ujerumani. Mkulima wa Goweko wa leo ni mjukuu wa watu wa njia hiyo. Ana haki ya kuuliza ndani ya mizigo ile mlikuwa na nini, na nani alilipwa.

Mtu na Makumbusho Yake

Von Luschan alizaliwa Austria mwaka 1854, akasomea udaktari mjini Vienna. Mwaka 1885 alianza kazi Berlin chini ya Adolf Bastian. Tuzitazame tarehe hizi kwa makini. Ujerumani ilijitwalia sehemu ya kaskazini-mashariki ya New Guinea na visiwa vya karibu yake mwaka 1884. Mkutano wa Berlin wa kuigawa Afrika ulifanyika mwaka 1884 na 1885. Hati ya Kaisari ya kuilinda kampuni ya Carl Peters katika Afrika Mashariki ilitolewa Februari 1885. Jengo jipya la Makumbusho ya Ethnolojia lilifunguliwa mwaka 1886. Bendera, kampuni na makumbusho vilikuja pamoja, kama ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba vitu vilivyokusanywa na misafara iliyogharimiwa na dola vipelekwe kwanza Berlin. Uamuzi huo uliyafanya makumbusho kuwa ghala kuu la ukoloni. Mhifadhi hakulazimika kusafiri kwenda kila koloni. Maofisa wa jeshi, madaktari wa serikali, wafanyabiashara na wamisionari walimletea. Ili walete walichotakiwa kuleta, von Luschan aliandika mwongozo wa kuchunguza na kukusanya vitu katika Afrika na Oceania, uliochapishwa zaidi ya mara moja. Ulikuwa na maswali ya kujazwa na maagizo ya nini kitafutwe. Ofisa aliyekuwa Tabora na mfanyabiashara aliyekuwa katika Visiwa vya Bismarck waliweza kutumia mwongozo huo huo mmoja.

Hapa ndipo tunapouona mgawanyo wa kazi wa kibeberu katika uwanja wa elimu. Koloni hutoa malighafi. Mji mkuu wa mabeberu huitengeneza malighafi hiyo kuwa vitabu, vyeo na heshima. Mkulima wa pamba huuza pamba na kununua shati, na hapa angalau shati humfikia. Lakini vitabu vya von Luschan havikurudi Unyamwezi, na lugha iliyotumika haikuwa ya wenye vitu.

Mwaka 1896 yalifanyika Maonyesho ya Ukoloni katika kitongoji cha Treptow, Berlin. Watu zaidi ya 100 waliletwa kutoka makoloni ya Kijerumani, wakiwamo watu wa Afrika Mashariki na watu wa Pasifiki, wakakaa mbele ya watazamaji kama vielelezo vya nchi zao. Von Luschan aliwapima na kuwapiga picha, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kutokana na kazi hiyo. Baadhi ya watu hao walikataa kupimwa au kupigwa picha kama walivyotakiwa. Kukataa kwao ni ukurasa wa kwanza wa uhakiki wa von Luschan, nao uliandikwa na watu ambao hakuwategemea kuwa wahakiki.

Idara Moja, Bahari Mbili

Kwa nini Afrika na Pasifiki ziwekwe katika idara moja? Hakuna undugu wa sanaa unaolazimisha jambo hilo. Mchongaji wa Unyamwezi na mjenga vyombo wa kisiwa cha Luf hawakuwahi kubadilishana ujuzi. Kilichowaunganisha ni bendera ya Kijerumani, meli ya Kijerumani na karani wa makumbusho.

Tuchukue mfano wa Luf wenyewe. Luf ni kisiwa kidogo kaskazini mwa New Guinea. Mwishoni mwa mwaka 1882 na mwanzoni mwa 1883 manowari za Kijerumani zilikishambulia, zikachoma nyumba na kuharibu vyombo vya majini. Idadi ya watu ikapungua vibaya. Baadaye watu waliosalia walijenga chombo kikubwa chenye tengo upande mmoja, mithili ya ngalawa ya pwani yetu lakini kikubwa zaidi, chenye urefu wa kiasi cha mita 15, mbao zake zikiwa zimeshonwa na kupambwa kwa nakshi. Mwaka 1903 kampuni ya biashara ya Hernsheim ilikichukua, kisha kikaingia katika makumbusho ya Berlin wakati wa von Luschan. Leo kimo katika jengo la Humboldt Forum, na watazamaji hukisifu kwa uzuri wake. Mwaka 2021 mwanahistoria Mjerumani Götz Aly alitoa kitabu kizima juu ya chombo hicho, akionyesha damu iliyotangulia kuingia kwake Berlin.

Sasa turudi Unyamwezi. Mwezi wa Januari 1893 majeshi ya Kijerumani chini ya Tom von Prince yaliiteka ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Isike alilipua ghala lake la baruti kuliko kukubali kutekwa akiwa hai. Watu wa Luf na watu wa Unyanyembe hawakujuana, lakini walipata somo moja kutoka kwa mwalimu mmoja: kwanza mzinga, kisha mfanyabiashara, mwisho mhifadhi na daftari lake. Huo ndio undugu halisi wa idara ya Afrika na Oceania.

Upo mfano mwingine wa kufikiri. Katika New Britain, mojawapo ya Visiwa vya Bismarck, watu walitumia mikufu ya makombe madogo ya baharini kama fedha zao, na bado wanaithamini. Kwetu magharibi mwa Tanzania, watemi walivaa kibangwa, kipande cha kombe la baharini kilichokuwa alama ya utawala. Kombe la kwanza ni mali inayopita mikononi mwa watu. Kombe la pili halipiti mikononi mwa watu hovyo, maana hukaa kwa mwenye mamlaka. Tofauti hiyo ni ya uchumi na siasa, na ndiyo ambayo mwanafunzi angetaka kuijua. Katika kabati la makumbusho yote mawili huwa makombe, na kando ya kila moja huwekwa namba. Namba haimwambii mtazamaji ni kazi gani kombe lilikuwa likifanya kati ya mtu na mtu.

Mgala Muue na Haki Yake Umpe

Uhakiki wa haki lazima uyataje mema. Baada ya jeshi la Waingereza kuuteka na kuupora mji wa Benin mwaka 1897, von Luschan alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutambua ukubwa wa sanaa ile. Alinunua vitu vingi kwa ajili ya Berlin, na kitabu chake kikubwa juu yake kilitoka mwaka 1919. Alisema wazi kwamba ufundi wa wahunzi wa Benin ulilingana na ufundi wa mabingwa wakubwa wa Ulaya. Wakati huo Wazungu wengi walidai kwamba Mwafrika hana sanaa. Kauli yake ilikuwa pigo kwa kasumba hiyo.

Mwaka 1911, katika Mkutano wa Mataifa Yote uliofanyika London, alitetea umoja wa binadamu na kukataa dhana ya watu duni. Mtu wa namna hii si wa kuwekwa kundi moja na wahubiri wa ubaguzi waliokuja kuitawala Ujerumani baada yake.

Lakini katika hotuba hiyo hiyo ya London alitetea mipaka kati ya mataifa na ushindani kati yao kuwa jambo la manufaa. Ni yeye pia aliyetengeneza kipimo cha vigae 36 vya kupimia rangi ya ngozi ya binadamu. Na ni yeye aliyewaandikia watumishi wa ukoloni kuomba mafuvu ya watu. Mafuvu yalikuja kwa maelfu, kutoka makaburini, kutoka mahali pa kunyongea watu na kutoka katika uwanja wa vita. Alipofariki mwaka 1924, mkusanyo wake binafsi wa mafuvu ulinunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya historia ya viumbe ya New York. Mkusanyo mwingine ulibaki Berlin.

Je, hapa pana mkanganyiko wa tabia ya mtu? Tukiishia hapo tutakuwa tumerudi katika swali la moyo. Jibu la kiitikadi ni kwamba hapakuwa na mkanganyiko katika kazi yenyewe. Ili athibitishe kwa vipimo kwamba binadamu wote ni wamoja, alihitaji vichwa vya binadamu. Vichwa hivyo vilipatikana kwa sababu ukoloni ulikuwa umewanyang'anya baadhi ya binadamu uwezo wa kusema hapana. Hoja ya usawa ilijengwa kwa malighafi ya ukosefu wa usawa. Mhifadhi aliweza kuwa mtu muungwana katika hotuba zake kwa sababu wengine walifanya kazi chafu kwa niaba yake huku Tabora, Kilimanjaro na Songea.

Mfano wa Karl Weule unathibitisha hoja. Weule alifanya kazi katika idara hiyo hiyo ya Berlin kabla ya kuhamia makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1906 alikuja kusini mwa nchi yetu, Masasi na Newala, wakati Vita vya Maji Maji vikizimwa kwa moto na njaa. Alikuja na mashine ya kurekodi sauti na kamera ya sinema, akilindwa na askari. Alirekodi nyimbo na ngoma za watu ambao majirani zao walikuwa wakifa. Kumbukumbu hizo zina thamani kwetu leo, na hatuna sababu ya kuzikataa. Lakini anayezisikiliza hana budi kusikia pia bunduki iliyosimama kando ya mashine.

Kigoda Bila Fundi

Katika makumbusho ya Berlin kuna kiti cha enzi kutoka Unyamwezi, chenye kiegemeo kirefu na umbo la mtu lililochongwa mgongoni. Kinajulikana sana katika vitabu vya sanaa ya Afrika. Kwa mtazamaji wa Ulaya ni umbo: mistari, uwiano, ung'avu wa mti. Sifa hizo ni za kweli na mchongaji alizikusudia.

Lakini kiti cha enzi bila baraza ni kuni zilizopambwa. Juu ya kiti cha namna hiyo mashauri yalikatwa, kodi ya pembe ilijadiliwa, na mtawala mbaya aliweza kusemwa. Tunapaswa kusema pia kwamba kilikuwa chombo cha tabaka. Watawala wa njia ya misafara walifaidika na ushuru na biashara, pamoja na biashara ya watumwa, na si kila aliyeketi juu ya kiti alikuwa mtetezi wa wanyonge. Tukidai kiti kirudi huku tukificha jambo hilo, tutakuwa tunajenga hadithi ya watemi watupu, kama von Luschan alivyojenga hadithi ya maumbo matupu. Ukweli unamtaka fundi aliyechonga, mtemi aliyeketi, mkulima aliyelipa na mpagazi aliyebeba, wote wanne.

Makumbusho Yetu

Uhakiki usiishie Berlin. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuna tembe linalohifadhiwa kwa kumbukumbu ya Livingstone, ambako yeye na Stanley walikaa mwanzoni mwa mwaka 1872. Kulihifadhi si kosa. Swali ni nani anasimuliwa ndani yake. Ikiwa kijana wa Goweko anaingia humo na kutoka akijua majina ya wageni wawili bila jina la mpagazi hata mmoja, basi jengo ni letu lakini hadithi bado ni yao.

Kalenga tunalo somo jingine. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Lilirudishwa mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kwenda Bremen na fuvu kuchaguliwa miongoni mwa mengi kwa kulinganisha vipimo vya kichwa. Hata kurudishiwa kwetu kulipita katika mlango wa elimu ile ile ya kupima vichwa, na kulifanywa na mkoloni mmoja kwa faida ya sifa zake mbele ya watawaliwa.

Ndiyo sababu matukio ya miaka ya karibuni yanahitaji macho makali. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyotoka katika lililokuwa koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki na maeneo ya jirani. Mafuvu 904 yalitambuliwa kuwa ya Rwanda, 202 ya Tanzania na 22 ya Kenya. Matatu yaliunganishwa na ndugu walio hai hapa Tanzania. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini Songea. Mwaka 2024 maonyesho juu ya historia ya Tanzania yalifunguliwa Humboldt Forum kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa letu. Haya ni maendeleo, na yametokana na madai ya familia, wasomi na wananchi wa muda mrefu. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Radhi ni mwanzo wa hesabu.

Wajibu wa Makada

Kutokana na uchambuzi huu, yapo mambo manne ya kutekelezwa.

Kwanza, mafuvu yatangulie vitu. Mtu anayesubiri kuzikwa hawezi kuwekwa foleni moja na ngoma na kiti.

Pili, tudai daftari pamoja na mali. Barua za maofisa, orodha za mizigo na namba za makumbusho ni sehemu ya mali iliyochukuliwa. Zitafsiriwe kwa Kiswahili na zifikike katika wilaya, zisibaki kwa watafiti wachache wenye kujua Kijerumani. Namba ya makumbusho isomwe kama stakabadhi: nani alitoa, nani alipokea, kwa bei gani, na chini ya bunduki ya nani.

Tatu, kila tawi lililo katika njia ya misafara, kuanzia Tura hadi Kigwa, likusanye masimulizi ya wazee juu ya upagazi, vita na vitu vilivyochukuliwa. Kazi hii haingoji fedha za wafadhili. Inahitaji daftari, kijana anayejua kuandika, na heshima mbele ya mzee. Tukichelewa, tutabaki kuusoma mwongozo wa von Luschan ili tujue bibi zetu walikuwa akina nani.

Nne, wanafunzi wetu wafundishwe kuhakiki bila chuki na bila utumwa. Wajue vipimo, picha na maelezo ya wasomi wa kikoloni, wavitumie pale vinapofaa, na wakati wote waulize gharama yake ililipwa na nani.

Felix von Luschan alitumia kazi yake yote kulinganisha watu wa bahari mbili ambao hakuwaruhusu wakutane isipokuwa ndani ya kabati lake. Leo watu wa Papua New Guinea na watu wa Tanzania wanaweza kukutana wenyewe, wakalinganisha stakabadhi zao. Siku watakapofanya hivyo, idara ya Afrika na Oceania itakuwa imepata kwa mara ya kwanza wahifadhi wanaostahili.